Kiatu Kinachofunguka Chote: Tathmini ya Chapa Changa za Watoto Zilizofika Kwenye Maduka Makubwa

Ukiishika zipu ya kiatu cha mtoto cha BILLY Footwear upande wa nje, ukaivuta kufuata ukingo wa soli mpaka ikazunguka mbele ya vidole, sehemu yote ya juu ya kiatu hufunuka na kulala kando kama kifuniko cha sanduku. Mguu hausukumwi ndani kwa nguvu. Unawekwa tu juu ya soli, kisha kifuniko kinarudishwa na zipu inafungwa. Kamba zipo, na kwa macho kiatu hakitofautiani na raba nyingine ya shule, lakini kamba hizo zikishakazwa siku ya kwanza kulingana na mguu wa mtoto, hazihitaji kuguswa tena. Kwa zaidi ya mwaka mmoja nimekuwa nikikifungua na kukifunga kiatu cha namna hii kila asubuhi kwa ajili ya binti yangu, ambaye mguu wake wa kushoto huvaa kitegemeo cha plastiki kinachoanzia chini ya unyayo na kuishia karibu na goti. Kwa hiyo naandika nikiwa nimekwisha kukizoea, baada ya furaha ya kufungua boksi kupita zamani.

Kabla ya hapo tulikuwa tukinunua raba za kawaida zilizozidi mguu wake kwa namba mbili, ili kitegemeo kipate kuingia. Mzazi yeyote mwenye mtoto wa namna hii anaijua kazi yake: unatoa soli ya ndani, unalegeza kamba mpaka tundu la mwisho, unauvuta ulimi wa kiatu hadi ushonaji unalalamika, unasukuma kisigino kwa kiganja, na mtoto analia kabla siku haijaanza. Mguu wa kushoto ukishaingia, mguu wa kulia unabaki ukielea ndani ya kiatu kilichouzidi, ncha ya mbele inajikunja, na mtoto ambaye tayari anajitahidi kutembea anakwazwa na kiatu chenyewe. Wiki ya pili ya kiatu cha zipu binti yangu aliniondoa mkono wangu akaniambia, "Mama, acha, navaa mwenyewe." Akavaa. Alichukua muda mrefu, na zipu ilikwama kidogo pale penye pembe ya kidole gumba kwa sababu alikuwa akiivuta kwenda juu badala ya kuivuta sambamba na soli, lakini alivaa, na tangu siku hiyo kazi yangu imebaki kuangalia kama soksi haijajikunja.

Chapa hii ilitokana na haja halisi ya mtu mmoja. Billy Price, wa Seattle nchini Marekani, alianguka kutoka dirishani akiwa mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 18, akavunjika shingo na kupoteza uwezo wa kutembea na wa kutumia vidole vyake. Miaka mingi baadaye, yeye na rafiki yake Darin Donaldson wakabuni kiatu ambacho angeweza kukivaa bila kusaidiwa. Hawakukitengeneza kifanane na kifaa cha hospitali. Walitaka kiatu ambacho mtu yeyote angekipenda, mwenye ulemavu na asiye nao, na uamuzi huo ndio uliowafungulia milango ya maduka makubwa, kwa kuwa mnunuzi wa duka hakulazimika kukitengea kona ya pekee. Kiatu kiliingia Nordstrom, kampuni ambayo yenyewe ilianza mwaka 1901 kama duka la viatu hapohapo Seattle, kikaingia pia Zappos, muuzaji mkubwa wa viatu kwa njia ya intaneti anayemilikiwa na Amazon.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu habari za chapa changa "kuingia duka kubwa" huandikwa kana kwamba faida yote ni ya chapa. Kwa familia kama yangu, faida kubwa ilikuwa kwamba duka kubwa linaweza kufanya jambo ambalo mtengenezaji mdogo hawezi kulimudu: kuuza viatu vya namba tofauti. Mwaka 2020 Zappos ilianza, kwa majaribio, kuuza kiatu kimoja kimoja na jozi zenye namba mbili tofauti, na BILLY Footwear ilikuwa miongoni mwa chapa za mwanzo, pamoja na Nike, New Balance, Converse, Stride Rite na PLAE, nayo pia chapa ndogo ya viatu vya watoto. Nordstrom kwa miaka mingi imekuwa na utaratibu wa kumuuzia mteja jozi iliyogawanywa pale miguu yake inapopishana kwa namba moja na nusu au zaidi. Fikiria maana yake kwa mtengenezaji mdogo. Kila jozi anayoivunja inamwachia kiatu kimoja kisicho na mwenzake, na kwa biashara yenye ghala la chumba kimoja viatu vichache vya namna hiyo ni hasara inayoonekana. Kwa ghala lenye mamilioni ya jozi, hasara hiyo hupotea kama tone la maji baharini. Ubunifu ulitoka kwa mdogo, uwezo wa kuufikisha kwa mtoto mwenye miguu isiyolingana ukatoka kwa mkubwa.

Basi kipimo changu kwa chapa yoyote changa ya watoto ni hiki: tatizo lililoizaa, je, bado linatatuliwa baada ya bidhaa kufika kwenye rafu kubwa? Swali hili si la bure, kwa sababu rafu kubwa ina masharti yake. Kwa kawaida duka hununua kwa karibu nusu ya bei ambayo mteja atalipa, hulipa baada ya siku 30, 60 au hata 90, hukata fedha pale maboksi yanapochelewa au msimbo pau unapobandikwa mahali pasipotakiwa, na mara nyingi humtaka mtengenezaji abebe sehemu ya hasara bidhaa inaposhushwa bei. Mtengenezaji aliyekuwa akiuza moja kwa moja kwa wazazi na kubaki na fedha yote, ghafla ana nusu yake, na anaingoja. Lazima akate mahali. Mahali anapokata ndipo pa kuangalia.

Nimeliona hilo kwa macho yangu. Tulikuwa na viatu vya mtoto anayeanza kutembea kutoka chapa moja ndogo ambayo sitaitaja. Soli yake ya ndani ilitoka nje yote, na juu yake palichorwa mistari mitatu ya nyayo, kila mmoja mkubwa kuliko uliotangulia, ili mzazi amsimamishe mtoto juu yake na kuona nafasi iliyobaki mbele ya vidole. Kilikuwa kitu kidogo sana na cha akili sana. Chapa hiyo ilipoingia kwenye maduka makubwa nikanunua jozi ya pili kwa ajili ya mdogo wake, rangi ileile, jina lilelile. Soli ya ndani ilikuwa imegundishwa, mistari mitatu imekuwa pambo lililochapishwa, na hakuna namna ya kuitoa. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba muundo "umeboreshwa". Niliumia, nakiri, kwa sababu nilikuwa nimewasifia viatu hivyo akina mama wenzangu wengi. Kiatu bado kilikuwa kizuri. Lakini tatizo lililokizaa, yaani mzazi kutojua kama kiatu kinamtosha mtoto asiyeweza kusema, lilikuwa limerudi lilipokuwa.

Na tatizo hilo ni zito kuliko watu wanavyodhani. Namba za viatu vya Ulaya hupishana kwa theluthi mbili za sentimita, takriban milimita 6.7, namba za Uingereza na Marekani hupishana kwa theluthi moja ya inchi, takriban milimita 8.5, na nusu namba ni kiasi cha milimita 4. Nafasi inayoshauriwa mbele ya kidole kirefu zaidi cha mtoto ni upana wa kidole gumba cha mtu mzima au pungufu kidogo, tuseme milimita 10 hadi 12, ambayo haifiki hata namba mbili za Ulaya. Sasa angalia: chapa changa, ikitaka kupunguza aina za bidhaa ambazo duka litalazimika kuweka akiba, mara nyingi huanza kwa kuacha nusu namba na upana wa ziada. Mtoto aliye katikati ya namba mbili anabaki ama na kiatu kinachombana au kinachomvuka. Ongeza hapo kwamba namba za watoto za Uingereza na Marekani hufika 13 kisha huanza tena 1, jambo ambalo limewafanya wazazi wengi kuagiza kiatu cha mtoto mchanga kwa ajili ya mtoto wa darasa la pili. BILLY Footwear imebaki na upana wa kawaida pamoja na upana wa ziada, na kwa mtoto wa kitegemeo huo upana ndio kiatu chenyewe. Bila yake zipu haina maana. Kwa kipimo changu, chapa hii imefaulu.

Native Shoes ya Vancouver nchini Kanada, iliyoanza mwaka 2009, imefaulu kwa njia nyingine. Kiatu chake kiitwacho Jefferson ni kipande kimoja cha povu jepesi la EVA lililoumbwa ndani ya kalibu, chenye matundu juu na pembeni, kisicho na mshono wala kamba. Tatizo lililokizaa ni la kila mzazi: maji, matope na dakika kumi za kutafuta soksi. Kwa sababu muundo wote umo ndani ya kalibu, hakuna cha kukata. Duka kubwa likiagiza jozi laki moja zitatoka sawa na zile za kwanza. Nakipenda kwa ufukwe na kwa ua wa nyumba. Sikipendi kwa siku nzima ya shule, kwani povu halikazwi, na mguu mwembamba hutembea ndani yake.

Kwa upande wa nguo, mfano unaonigusa zaidi ni Petit Pli ya London. Ryan Mario Yasin, aliyesomea uhandisi wa vyombo vya angani, alimnunulia mpwa wake nguo zikafika zikiwa tayari zimekuwa ndogo. Akachukua fikra ya vifaa vya setilaiti vinavyokunjwa ili viingie ndani ya roketi na kukunjuliwa angani, akaitia katika kitambaa kilichopigwa marinda madogo madogo, na nguo moja ikaweza kutanuka kwa saizi kadhaa kadiri mtoto anavyokua. Mwaka 2017 ubunifu huo ulishinda tuzo ya James Dyson kwa upande wa Uingereza. Ukiishika nguo ya namna hii mkononi utaona marinda yanavyofunguka pande zote mbili, kwa urefu na kwa upana, kisha kurudi yenyewe kama pafu linalopumua.

Nimefikiria sana kwa nini nguo nzuri namna hiyo haijatapakaa katika kila duka la watoto, na jibu langu liko kwenye namna maduka yanavyofanya kazi. Duka kubwa huagiza kwa saizi: kadhaa za miezi 6, kadhaa za miezi 12, kadhaa za miezi 18, na huishi kwa mzazi anayerudi kila msimu kwa sababu mtoto amekua. Nguo inayozimeza saizi kadhaa inalipunguzia duka sababu ya kumwona mteja tena. Si kosa la mtu yeyote, ni hesabu tu. Lakini ina maana kwamba baadhi ya uvumbuzi bora kwa watoto hautakutana nawe kwenye rafu, na mzazi anayeamini kwamba duka kubwa limekwisha kumchagulia vilivyo bora anajinyima.

Nguo za kulalia ni jambo la tahadhari zaidi, na hapa sitasifu haraka. Chapa nyingi zilizopanda katika miaka ya karibuni zimepanda kwa pajama laini, zinazovutika, zinazotangazwa kuwa za mianzi. Kitambaa hicho ni laini kweli. Ukikipitisha kwenye shavu unaelewa kwa nini wazazi hukikimbilia, hasa wale wenye watoto wa ngozi inayowasha. Ila si mianzi kwa maana ambayo pamba ni pamba. Ni rayoni: mianzi huyeyushwa kwa kemikali kali ikawa rojo, kisha rojo hilo huvutwa likawa nyuzi. Mwaka 2022 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwafikisha Walmart na Kohl's kwenye makubaliano ya kulipa dola milioni 3 na dola milioni 2.5 kwa kuuza bidhaa za rayoni zikiitwa za mianzi na kupewa sifa za kulinda mazingira. Kwa mzazi funzo ni la moja kwa moja: lebo haiwi kweli kwa sababu tu inaning'inia katika duka kubwa. Chapa changa ninayoiamini ni ile inayoandika waziwazi kuwa kitambaa ni rayoni au viskosi iliyotokana na mianzi, ikataja asilimia, na kuonyesha kuwa kimepimwa. Cheti cha OEKO-TEX Standard 100, kwa mfano, kinachoonyesha kuwa kitambaa kimepimwa kemikali hatari, kina daraja la kwanza lililowekwa kwa ajili ya watoto wachanga hadi miaka mitatu.

Kuna jambo jingine kuhusu pajama hizi ambalo wazazi hulalamikia bila kujua asili yake, yaani kwamba zinabana. Sheria za Marekani zinataka nguo za kulalia za watoto, kuanzia zile zilizozidi saizi ya miezi 9 hadi saizi ya 14, ama zitengenezwe kwa kitambaa kinachopinga moto au ziwe za kubana mwili kwa vipimo vilivyowekwa, kwa sababu nguo pana hunasa moto kwa urahisi na hewa iliyo kati ya kitambaa na ngozi huuchochea. Chapa isiyotaka kutia dawa za kuzuia moto huchagua kubana, ndiyo maana utakuta kikaratasi cha manjano kinachokuonya kuwa nguo ivaliwe ikiwa imekaa mwilini. Ukimnunulia mtoto saizi kubwa ili "aikulie", umeiondoa kinga hiyo kwa mkono wako mwenyewe. Vivyo hivyo kwa koti la mtoto mdogo lenye kamba ya kukaza kofia shingoni: viwango vya Marekani na vya Ulaya vimeikataa, na nikiiona kwenye bidhaa ya chapa mpya, sihitaji kusoma zaidi.

Naheshimu pia kazi ya maduka yenyewe, kwa kuwa ushindani wake umewanoa wadogo. Target, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, ilipozindua chapa yake ya nguo za watoto, Cat & Jack mwaka 2016, ilitoa ahadi ya mwaka mmoja kwa nguo iliyochakaa kabla ya wakati, na mwaka uliofuata ikaongeza nguo zisizo na lebo za kuwasha na mishono inayokwaruza, pamoja na nguo za watoto wenye ulemavu. Chapa changa inayoomba fedha zaidi ya hapo inapaswa kuonyesha inatoa nini zaidi ya hapo. Nyingi hazionyeshi. Hutoa picha nzuri, rangi za udongo na hadithi ya mwanzilishi, na ukiigeuza nguo ndani nje unakuta mshono uleule wa nyuzi tatu ulioachwa na ncha zake zikining'inia kwenye kwapa, pale ambapo mtoto huvutwa zaidi anapovalishwa.

Mtu anayenunua chapa hizi afahamu pia kwamba duka kubwa si mwamba. Mothercare, muuzaji wa vitu vya watoto, ilifunga maduka yake yote ya Uingereza mwanzoni mwa mwaka 2020, na mwaka 2023 buybuy Baby, muuzaji wa namna hiyo huko Marekani, iliangukia katika ufilisi wa kampuni mama, Bed Bath & Beyond. Duka linapoanguka, mtengenezaji mdogo aliyepeleka mali kwa mkopo huingia kwenye foleni ya wadai. Kwa sababu hiyo nikiipenda chapa hununua jozi ya kwanza dukani, ambako mtoto anaweza kujaribu na mimi naweza kurudisha, na jozi zinazofuata nikanunua kwa mtengenezaji mwenyewe.

Kwa yeyote anayefikiria kiatu cha zipu kwa mtoto wa kitegemeo, haya ndiyo niliyojifunza. Mpime mtoto jioni, miguu ikiwa imetanuka, akiwa amesimama, na kitegemeo kikiwa mguuni juu ya soksi atakayoivaa. Chora miguu yote miwili kwenye karatasi na upime urefu, kisha upana pale palipo panene zaidi, ambapo kwa kitegemeo kingi ni kwenye kifundo wala si kwenye vidole. Chagua upana wa ziada kabla ya kuchagua namba kubwa zaidi. Safisha meno ya zipu kwa mswaki mkavu kila mtoto anapotoka mchangani, hasa kwenye pembe ya kidole gumba, kwani zipu yoyote inayopinda kwa ukali namna hiyo hukusanya mchanga hapo kwanza. Mfundishe kuvuta sambamba na soli. Na ikiwa miguu yake haikulingana, uliza kwanza kama duka linagawanya jozi: binti yangu ana jozi moja ambayo kiatu cha kushoto ni kipana na kimezidi cha kulia kwa namba moja na nusu, na anapokimbia ncha ya kulia haijikunji tena.